Kifungu cha Tisa na Tarumbeta za Beni

Mwaka ule wakubwa wa bunduki walipokubali kuungana, nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari ya Waprotestanti mjini Butembo. Kinshasa ilikuwa imetusahau tangu zamani, kwa hiyo mishahara yetu ilitoka kwa wazazi, na wazazi walitoa walichokuwa nacho. Kuna muhula nililipwa viazi. Muhula mwingine mzazi mmoja wa Vuhovi aliniletea bata mzinga, akasema huyo ni ada ya watoto wawili. Mama yangu, ambaye nilikuwa naishi naye, aligombana na yule bata kwa wiki tatu nzima, mpaka siku alipomdonoa mchungaji wetu gotini. Jumapili hiyo tulimla bila majuto.

Hali ilikuwa hivi. Nchi ilikuwa imekatwakatwa vipande, na kila kipande kilikuwa na wenyewe. Butembo na Beni zilikuwa chini ya chama kimoja kwa jina tu. Kwa kweli kila mji ulikuwa na wakubwa wake, askari wake, muhuri wake na sanduku lake la kodi. Magharibi, ndani ya msitu, walikuwepo wengine tena, na hao walikuwa na askari wengi kuliko sisi. Mfanyabiashara aliyetoka msituni na gunia la kahawa alilipa kodi mara tatu kabla ya kufika Butembo, na akifika alikuwa amebaki na gunia tupu. Basi hao watatu, baada ya kurushiana risasi msimu mzima, wakakaa meza moja na kutangaza muungano. Kodi moja, sanduku kuu moja, na sheria moja kwa wote.

Mimi niliingia humo kwa sababu ya sifuri.

Asubuhi moja nilikuwa ubaoni nikifundisha milinganyo, mlango ukagongwa, akaingia mzee mrefu, kofia mkononi, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Nilimjua kwa sura, kama alivyojulikana na kila mtu mjini. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na kwa miaka mingi alikuwa mhasibu wa wanunuzi wa kahawa. Walisema aliwahi kumrudisha tajiri wake dukani kwa miguu kwa sababu ya tofauti ya kilo moja.

"Mwalimu," alisema mbele ya wanafunzi wote, "nilisikia ulimupa mutoto wa préfet, mukubwa wa hii masomo, zero."

"Alipata zero, Papa. Mimi niliandika tu."

Alinitazama kidogo, kisha akavaa kofia yake. "Njo weye ninatafuta."

Hivyo nikawa mwandishi na mkokotoaji wa Komisyo ya Udhibiti ya muungano, siku tatu kwa wiki, kwa malipo ambayo hayakuwa viazi. Mkuu wa komisyo alikuwa yule mzee. Chini yake kulikuwa na wajumbe wawili. Wa Beni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye leso ya kujipangusa jasho hata katika baridi ya Butembo. Wa msitu aliwahi kuwa karani wa kampuni ya mbao. Alikuwa mpole, alipenda Kilingala kuliko Kiswahili, na alitembea na kalamu nne mfukoni, zote zinaandika.

Sheria ilitungwa katika ukumbi wa mapadri. Mimi nilikaa pembeni na mashini ya kuandikia ambayo herufi zeta yake ilikuwa imekatika, kwa hiyo kila "zaidi" niliimalizia kwa kalamu. Kifungu cha tisa ndicho kilichotuumiza kichwa. Mzee alikisoma kwa sauti: kila upande hautatumia katika mwezi mmoja zaidi ya ulichokusanya, na upande utakaovunja sheria hii utaadhibiwa kwa kulipa faini katika sanduku kuu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuwaza chakula.

Mjumbe wa Beni akainua leso, akaanza na "lakini" yake ya Kifaransa.

"Mais, Papa, hii neno 'utaadhibiwa' iko neno ya polisi. Sisi tuko bandugu."

"Unataka neno gani?"

"'Unaweza kuadhibiwa.' Iko na heshima."

Mtu wa utawala wa Butembo, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo ila kupiga miayo, akazinduka na kusema kwamba "utashauriwa" ni bora zaidi. Wakabishana mpaka jua likahama dirishani. Niliandika "utaadhibiwa", nikafuta, nikaandika "unaweza kuadhibiwa", nikafuta, nikarudisha la kwanza kwa sababu mzee alisema bila neno hilo yeye anarudi nyumbani kupogoa kahawa yake. Alipokwisha kushinda, mjumbe wa msitu akaomba neno moja dogo tu. Aliomba tuongeze mwishoni: "isipokuwa gharama za usalama."

Wote wakakubali papo hapo. Haijawahi kutokea watu watatu waliopigana kukubaliana haraka namna ile.

Mzee aliniinamia sikioni. "Umeona? Wamejenga nyumba yenye kufuli kubwa mbele, na nyuma hawakuweka ukuta."

Ukaguzi wa kwanza ulikuwa Beni. Tulipanda pikapu, mzee mbele na dereva, mimi na wajumbe wawili nyuma juu ya magunia. Barabara ilikuwa uji. Kwenye mteremko wa Kabasha tukakuta bariera, mti umelazwa njiani, na askari watatu wamekaa juu ya makopo ya mafuta. Mmoja akaja akiburuta viatu.

"Mbongo ya barrière," alisema kwa Kilingala, kiganja wazi, akidai pesa.

Mzee alimwonyesha karatasi ya muungano yenye mihuri mitatu. Alimweleza, polepole kama anayefundisha katekisimu, kwamba tangu mwezi uliopita hakuna tena kodi za njiani, na kwamba sisi ndio watu tunaosimamia sheria hiyo.

Askari aligeuza karatasi, akaitazama upande wa nyuma usioandikwa kitu, akairudisha. "Muungano iko muzuri, Papa. Sisi tunapenda muungano. Mais bariera haijaungana bado."

Tukalipa. Mzee alidai risiti. Askari hakuwa na risiti, wala kalamu, wala karatasi, kwa hiyo mjumbe wa msitu alimwazima kalamu moja katika zile nne, nami nikamchania ukurasa wa daftari. Askari aliandika kwa taabu kubwa, ulimi nje, "nimepokea", akasahau kuandika nini. Kalamu hakuirudisha.

Beni ilitupokea kwa joto lake na kwa ukarimu mwingi mno. Tulikula, tukalala, na kesho yake tukaenda biro ya hazina katika komini ya Ruwenzori, nyumba ndefu ya mabati, na mkuu wake alikuwa kijana wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, aliyekuwa seminarini kabla ya kukutana na mke wake. Alicheka kwa kila jambo, hata kwa salamu. Daftari lake alikuwa amelijalidi kwa kitenge cha maua.

"Karibuni, karibuni. Wasingya, aksanti ya kufika. Mwalimu, keti hapa, kiti ile ingine iko na musumari."

Mzee hakukaa hata hivyo. Alifungua daftari akaanza kushuka nalo kwa kidole, mstari kwa mstari. Mimi nilijumlisha kando yake. Mpaka ukurasa wa tisa mambo yalikuwa mazuri. Ukurasa wa kumi kidole kikasimama.

"'Vyombo vya ishara za usalama.' Hii iko kitu gani?"

"Vyombo vya ishara, Papa."

"Ishara ya nini?"

"Ya kuita batu."

"Simu?"

"Karibu simu," alisema mkuu wa hazina, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Nadhani angeweza kutoka salama. Lakini saa ile ile, nyuma ya biro, mtu alipuliza tarumbeta. Mwingine akamjibu. Kisha ngoma kubwa ikaingia, na mabati juu yetu yakaanza kutetemeka. Tukatoka nje. Kwenye uwanja walikuwa wamesimama vijana wapatao kumi na watano, makoti mekundu yenye vifungo vya dhahabu, tarumbeta mpya sita zikiwaka juani. Walituona, wakadhani wakati umefika, wakatupigia wimbo wao wote bila kubakiza.

Ilikuwa fanfari, bendi ya kuwapokea viongozi wa muungano. Tarumbeta zilinunuliwa Kampala. Beni ilikuwa imetumia makusanyo yake yote ya mwezi, na ya mwezi uliofuata, ili kusherehekea sheria ya kutotumia kupita makusanyo.

"Ni usalama," alisema mjumbe wa Beni, akijipangusa shingo. "Adui akikuja, wanapuliza."

"Wanapuliza nini?" aliuliza mzee. "Hii waltz ya kucheza?"

Nilikuwa nimeuma shavu kwa ndani nisicheke. Mkuu wa hazina aliona, akapata moyo. Tuliporudi ndani alinigeuzia ukurasa wa kumi na mbili.

"Mwalimu, soma pia hapa. Mbuzi moja, kuku ine, essence ya pikapu, matandiko mapya ya bageni. Ile iko ninyi. Ile pia ilipita makusanyo. Donc, basi, komisyo pia ilivunja kifungu ya tisa."

Nilijumlisha mara mbili. Alikuwa anasema kweli. Mzee alitoa pochi yake mfukoni, akauliza bei ya kuku mmoja, akalipa mapaja mawili aliyokula jana yake. Mjumbe wa msitu, aliyekuwa amekula zaidi yetu sote, akaangalia dirishani kwa makini sana.

Ripoti yangu ilipofika Butembo watu wa Beni walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika kwa namna moja: waliuliza kwa nini Butembo haikukaguliwa kwanza. "Munapenda kuhesabu sahani za jirani," waliandika. Mzee alisema wamesema vizuri. Kesho yake tulianza kukagua mji wetu wenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoacha kunichekesha. Mkuu wa utawala wa Butembo, yule wa miayo, alikuwa mume wa binti ya mzee. Daftari lake lilikuwa safi mno, hati nzuri, mistari imepigwa kwa rula. Tulichukua siku mbili kuipata kasoro: "ulinzi wa kiwanja cha ndege." Tukaenda Rughenda kuona ulinzi wenyewe. Katika chumba cha wageni, ambacho bado hakikuwa na paa, chini ya turubai, vilikuwa vimepangwa viti ishirini vya mahameli nyekundu, miguu imechongwa kama ya simba. Butembo ilikuwa imepita makusanyo yake kuliko Beni, tena mbali.

Nilisimama pale na daftari langu. Mvua ilianza kudondoka juu ya turubai. "Papa," nilisema, "nifanye nini?"

"Unajua kuandika?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi andika."

Aliketi kwenye kiti kimojawapo, akavua kofia, akajipapasa kichwa. Sikuwahi kumwona amechoka vile. Wiki hiyo binti yake aliacha kuja kumletea kahawa jioni, na yeye akawa anapika mwenyewe, akiiunguza.

Kwetu pia walipita watu. Walikuja sokoni kwenye meza ya mama yangu, wanaume wawili wenye adabu. Walinunua maharage kopo mbili, wakasifu maharage, wakasema wamesikia mtoto wake ana akili nyingi na kwamba akili nyingi huchosha mwili. Mama aliwapimia, akawaongezea kiganja kimoja juu kama anavyofanya kwa kila mteja, akawaambia, "Mutoto wangu alipika majani ya sombe na musumari ndani, siku moja, sababu alikuwa anahesabu. Akili yake nayua. Semeni naye mwenyewe." Alinisimulia akicheka, lakini siku ile alifunga meza mapema.

Zikabaki hesabu za msitu. Njia ya kule haikupitika, kwa hiyo mjumbe alitukabidhi karatasi. Zilikuwa karatasi nzuri kupita zote. Kila mwezi mapato na matumizi yalilingana kabisa, mpaka franga ya mwisho. Nimefundisha hesabu miaka mingi na sijaona kitu cha namna hiyo katika maisha ya binadamu. Nilimkuta ukumbini akinywa chai, nikamuuliza alifanyaje.

Alitabasamu kwa upole. "Mademoiselle, ninaandika kwanza jumla ya chini. Kisha ninapanda."

Alinipenda, ndiyo maana alisema kweli. Na mimi, kwa aibu, nilimpenda pia kidogo.

Siku ya kikao wakubwa wote watatu walikuja na walinzi wao, na walinzi wakakaa nje, kila kundi chini ya ukuta wake, wakiazimana moto wa sigara. Ndani nilisoma ripoti. Sauti yangu ilitetemeka kwenye tarumbeta, ikatulia kwenye viti. Mwisho nikasoma: "Upande wa msitu: hesabu zinalingana kupita inavyowezekana. Komisyo haiwezi kuzikubali."

Mjumbe wa msitu alinitazama kama niliyemkanyaga mguu kanisani.

Sasa, utaratibu ulisema upande ulioshitakiwa hauwezi kupiga kura juu ya adhabu. Beni ilikuwa imeshitakiwa. Butembo pia. Na sasa msitu. Mwenyekiti, padri mmoja aliyeombwa kuongoza kwa kuwa hakuwa na askari, alisoma kifungu mara mbili na kuangalia meza mtu kwa mtu.

"Hakuna wa kupiga kura," alisema.

Mkuu wa hazina wa Beni, mwenye kicheko, akaninyooshea kidole. "Mwalimu haiko upande wowote. Mwalimu aamue."

Nilidhani ni mzaha, na naamini hata yeye alidhani hivyo. Lakini wazo lilizunguka meza kwa kasi, kwa sababu kila mmoja aliona kuwa mwalimu wa kike asiye na bunduki atakuwa mpole kuliko jirani. Wakakubali. Ilikuwa mara ya pili kukubaliana haraka.

Mzee alinitazama. Nilijua anachotaka: faini kamili, kama ilivyoandikwa, kwa wote watatu, siku ile ile. Mimi nilikuwa nasikia walinzi wakicheka nje, na chuma kikigonga ukuta kila mmoja alipobadilisha mkao. Niliwaza meza ya mama yangu. Nilianza mara mbili.

Nikasema hivi: Beni ilete fanfari yake Butembo kwa mwezi mmoja, kwa gharama yake, itumikie watu wote bila malipo. Butembo ipeleke viti vyake Beni kwa mwezi huo huo. Na msitu upokee mwandishi kutoka upande mwingine, akae nao mwezi mzima, aandike anachokiona kuanzia juu kushuka chini.

Mtu mmoja akaangua kicheko, wakafuata wote. Walipiga makofi, wakapeana mikono, wakasema mwalimu ana hekima ya Sulemani. Mzee hakupiga makofi. Alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa, na nje mlangoni akaniambia bila hasira, jambo lililoniuma zaidi:

"Umewaonyesha kwamba sheria inalipwa kwa muziki."

"Niliogopa, Papa."

"Nayua. Mimi pia niliogopa. Mais mimi sikuulizwa."

Juma lililofuata alijiuzulu, na kwa miezi kadhaa tulisalimiana kwa kofia tu.

Adhabu yangu ilitekelezwa, lazima niseme hivyo, na ndiyo adhabu pekee ya muungano iliyowahi kutekelezwa. Fanfari iliingia Butembo siku ya soko kuu. Walijua nyimbo tatu. Waliteremka barabara wakizipiga kwa zamu, na wauzaji waliacha meza zao, na madereva walizima injini. Mama yangu, mama wa kwaya, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitikisa hata bega, alicheza na kopo la kupimia maharage mkononi mpaka kilemba kikaanguka. Jumapili ikazuka shida. Wakatoliki walitaka fanfari misa ya kwanza, nasi tukaitaka saa ile ile. Wakagawana: tarumbeta tatu kule, tatu kwetu, na ngoma kubwa ikabebwa mbio kutoka kanisa moja hadi jingine katikati ya mahubiri. Mchungaji wetu alisimama akingoja ngoma, saa mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa natazamwa na ushirika wote.

Viti ishirini vilipakiwa kwenye lori kwenda Beni. Vilifika kumi na mmoja. Nilitumwa kuchunguza, nikavipata vingine njiani bila kutafuta. Kwenye mteremko wa Kabasha, katikati ya tope, askari wa bariera walikuwa wamekaa juu ya mahameli nyekundu, bunduki magotini, miguu imenyooshwa. Yule wa risiti alinitambua, akanyanyuka, akanipisha.

"Mwalimu, keti. Sasa bariera imeungana."

Nilikaa. Kilikuwa kiti kizuri kwa kweli. Nililipa, nikapita.

Mwandishi wa kwenda msituni hakupatikana. Kila aliyeombwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Tulikuwa bado tunatafuta muungano ulipovunjika. Sijui nani alianza; kila upande una maelezo yake, na yote yana muhuri. Ninachojua ni kwamba watu wa msitu walikuja tena na bunduki, safari hii wakielekea Beni, na vijiji vya njia ile vikamwagika barabarani. Watu walitembea siku nyingi na watoto mgongoni. Waliofika Butembo walisimulia mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa walinisimulia mimi, wamekaa sakafuni katika darasa langu, na si yangu kuyatoa.

Shule yetu ilijaa. Ubaoni niliandika majina ya familia mahali pa milinganyo. Siku ya pili mzee alitokea mlangoni, kofia mkononi, na magunia mawili ya viazi nyuma yake juu ya tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Hakusema neno kuhusu mambo yaliyopita. Alichukua chaki, akaanza kuandika majina kwenye nusu ya pili ya ubao, kwa mwandiko wake wa daftari. Mchana tulipokaa kula, aliniuliza, "Ningewatoza ile faini, unafikiri bangelipa?"

Nilifikiri. "Hapana, Papa."

"Hapana," alikubali, akamenya kiazi kingine. "Mais ningetaka kuona sura zao."

Katika wale waliofika alikuwemo mkuu wa hazina wa Beni, kwa miguu, na mkewe, watoto wanne, na sufuria moja. Hakuwa anacheka. Mama yangu aliwatazama mlangoni, akanitazama, akaenda kuongeza maji kwenye unga. Walikaa nasi miezi mitano, watu wanane katika vyumba viwili. Baada ya mwezi wa kwanza alianza kucheka tena, polepole, kwanza kwa watoto, kisha kwa mama yangu, ambaye alimkaripia kama mtoto wake wa kuzaa kwa kutia chumvi nyingi.

Shule ilipofunguliwa tulikosa mwalimu wa biashara, nikampeleka kwa préfet. Akawa mwalimu mkali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mwanafunzi akikosea jumla kwa franga moja, alipata nusu. Wazazi walikuja kulalamika kwangu, mimi niliyekuwa nimezoea kulalamikiwa, na nilipomwambia alishangaa kwa dhati.

"Mwalimu, jumla iko jumla. Wakizoea hivi, wakikuwa bakubwa itakuwa namna gani?"

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa anasahihisha, kalamu nyekundu mkononi, paji limekunjamana.

Walirudi Beni mvua zilipopungua na njia ikawa na amani kiasi cha kupita na watoto. Mama aliwafungia maharage, sabuni na blanketi, akagombana na mke wa yule bwana kuhusu nani abebe nini, wakalia wote wawili bila kuacha kugombana. Lori lilipoondoka tuliingia ndani. Mama alifagia chumba chao, kisha akakifagia tena. Wiki nzima aliendelea kupikia watu wanane, nasi tukawa tunakula kiporo mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata.